Mti wa Kambi ya 65: uchambuzi wa mwisho wa safari ya Burke na Wills

Jioni ya tarehe 21 Aprili 1861, wanaume watatu na ngamia wawili waliingia katika kambi iliyokuwa kando ya Cooper Creek, ndani kabisa ya nyika ya Australia, wakitumaini kupokewa na wenzao. Walikuwa wametoka kwenye ukingo wa Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa bara hilo, na miguu yao, kama William John Wills alivyoandika katika shajara yake, ilikuwa karibu imepooza. Kiongozi wao, Robert O'Hara Burke, aliwaita watu wa kambini kwa sauti, lakini hakuna aliyeitika. Juu ya mti mkubwa wa coolibah, ambao ni wa jamii ya mikaratusi, palikuwa pamechongwa neno la kuwaagiza wachimbe, pamoja na tarehe ya siku ile ile. Walipochimba walipata sanduku la chakula na barua iliyoeleza kwamba kikosi cha kituo, baada ya kungoja kwa zaidi ya miezi minne, kilikuwa kimeondoka asubuhi ya siku hiyo.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha bahati mbaya, yaani saa tisa hivi zilizotenganisha uhai na kifo. Simulizi hiyo inavutia, nami sikatai kwamba tarehe zinashangaza. Hata hivyo, mtu akizipanga tarehe hizo na kuzitazama kwa utulivu ataona kwamba Burke na Wills hawakufa usiku ule, wala wiki ile. Walikufa mwishoni mwa Juni, zaidi ya miezi miwili baadaye, na katika muda huo makundi mawili ya msafara mmoja yalipishana tena kwenye mti ule ule bila kujuana, huku watu waliokuwa na chakula wakiishi jirani nao wakati wote. Bahati mbaya ya siku moja haitoshi kueleza mambo yote hayo. Kinachohitaji kuchunguzwa ni namna safari ilivyopangiwa mwisho wake, au kwa usahihi zaidi, namna ambavyo mwisho huo haukupangwa na mtu yeyote.

Safari iliyoanza kwa shangwe

Msafara uliondoka katika bustani ya Royal Park mjini Melbourne tarehe 20 Agosti 1860, mbele ya umati uliokadiriwa kuwa watu 15,000. Kulikuwa na wanaume 19, farasi 23, ngamia zaidi ya 20 na magari sita ya kukokotwa, na shehena yake ilikuwa takribani tani 20. Wadhamini walikuwa wanachama wa Royal Society of Victoria, chama cha wasomi katika koloni lililokuwa limetajirishwa ghafla na dhahabu, na lengo lilikuwa kulivuka bara kutoka kusini hadi kaskazini kabla ya koloni jirani la South Australia, ambalo mpelelezi wake John McDouall Stuart alikuwa tayari amefika katikati ya bara mwezi Aprili mwaka huo. Mashindano hayo ndiyo yaliyoitia safari haraka tangu siku ya kwanza.

Burke alikuwa Mwairishi aliyewahi kuwa askari wa farasi katika jeshi la Austria na baadaye afisa wa polisi katika miji ya dhahabu ya Victoria. Alikuwa shujaa, mwepesi wa hasira, na hakuwahi kuongoza safari yoyote ya nyikani. Wills, Mwingereza wa miaka 26, alikuwa mpima ardhi na mtazamaji wa nyota, mtu wa tarakimu na subira. Karibu yote tunayoyajua kuhusu miezi ya mwisho yametoka katika kalamu yake, kwa kuwa kiongozi mwenyewe hakuweka shajara ya kueleweka.

Ngamia waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi pamoja na watunzaji wao, na miongoni mwa watunzaji hao mmoja aliitwa Dost Mahomet na mwingine aliandikwa kwa jina la Belooch tu. Msomaji wa Mombasa au Unguja atalitambua jina hilo la pili mara moja, kwa kuwa ni miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1857, ambapo askari wa Kibulushi wa Sultani wa Zanzibar walikwenda na Burton na Speke kuelekea Ziwa Tanganyika. Watu wa kabila moja, katika miaka ile ile, walikuwa wakiwasindikiza Waingereza katika nyika za mabara mawili, na katika yote mawili majina yao yaliandikwa kwa kifupi.

Huko Menindee, kwenye Mto Darling, msafara ulianza kugawanyika. Naibu wa kwanza, George Landells, aligombana na Burke akajiuzulu, na Wills akachukua nafasi yake. Burke, akihofia kwamba Stuart angemtangulia, alichukua watu wachache na wanyama wenye nguvu akasonga mbele tarehe 19 Oktoba, akaacha shehena kubwa nyuma. Njiani alimpandisha cheo William Wright, mtu wa eneo hilo ambaye alikuwa msimamizi wa shamba la mifugo, akamrudisha Menindee kuwaleta wengine waliobaki. Wright alikaa Menindee hadi tarehe 26 Januari 1861, akisubiri uteuzi wake uthibitishwe na fedha zifike kutoka Melbourne. Alipoondoka ilikuwa katikati ya kiangazi, mabwawa yalikuwa yamekauka, na kikosi chake kilikwama eneo la Bulloo, ambako watu watatu walikufa, akiwemo mchoraji na mtaalamu wa viumbe Ludwig Becker.

Maagizo ya mdomo

Kiini cha kisa kizima kimo katika asubuhi ya tarehe 16 Desemba 1860, siku ambayo Burke, Wills, John King na Charles Gray waliondoka Cooper Creek kuelekea kaskazini wakiwa na ngamia sita, farasi mmoja na chakula cha majuma 12. Katika kituo, ambacho kwa hesabu ya vituo tangu Melbourne kiliitwa Kambi ya 65, aliachwa kijana wa Kijerumani aitwaye William Brahe pamoja na watu watatu. Burke alimwambia Brahe asubiri miezi mitatu. Wills, aliyekuwa na hesabu ya tahadhari zaidi, alimwomba kando asubiri minne. Wright alitarajiwa kufika wakati wowote na mzigo wote. Hakuna hata jambo moja kati ya haya lililoandikwa.

Tukichunguza mpango huo kwa makini tunaona udhaifu ambao jangwa halikuhusika nao kwa namna yoyote. Kwanza, Brahe alikuwa na tarehe mbili za kuondoka kutoka kwa wakubwa wawili, na hakuwa na agizo lolote kuhusu afanye nini iwapo Wright asingefika. Pili, muda wa kungoja ulihesabiwa kwa kalenda, ilhali ulipaswa kuhesabiwa kwa chakula na afya ya wanaongoja, na kwa dalili fulani ambazo wanaorudi wangezitazamia. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, hapakuwa na makubaliano kuhusu nini kifanyike ikiwa kundi moja lingekuta kundi lingine halipo. Misafara ya pwani yetu iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda bara ilikuwa na kirangozi wa kutangulia mbele na ngoma ya kuwajulisha wote kwamba safari inaanza. Hapa watu wanne walitangulia, na waliobaki hawakuwa na ishara ya pamoja ya aina yoyote.

Kundi la Burke lilifika karibu na ghuba katika siku za mwanzo za Februari, kwenye Kambi ya 119. Burke na Wills waliwaacha wenzao wawili hapo, wakaenda mbele hadi wakakuta maji ya chumvi yanayopwa na kujaa, na mikoko iliyowazuia wasiione bahari yenyewe. Kufikia hapo walikuwa wametumia siku 59, na chakula kilichobaki kilikuwa cha siku 27 tu. Ni muhimu kulisema hili waziwazi: safari ya kurudi ilikuwa imeshindikana kwa hesabu kabla hawajageuza uso kuelekea kusini, na mtu wa tarakimu kama Wills bila shaka alilijua hilo.

Walirudi katika mvua na tope, wakichinja ngamia mmoja baada ya mwingine, na hatimaye wakamla farasi wao, Billy. Gray aliugua. Tarehe 25 Machi alikutwa nyuma ya mti akila uji wa unga aliouchukua kwa siri, na Burke akampiga. Wills aliandika mwanzoni mwa Aprili kwamba Gray anajifanya mgonjwa, lakini siku chache baadaye, tarehe 17 Aprili, Gray alifariki. Walitumia siku nzima kumchimbia kaburi, kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kuchimba haraka. Wasimulizi wengi huitaja siku hiyo kama gharama iliyowakosesha wenzao. Mimi naiona kama jambo pekee la heshima katika majuma yale, na sioni haki ya kuibebesha lawama.

Barua ya Brahe

Brahe alingoja miezi minne na siku tano. Alizidisha muda wa Burke kwa zaidi ya mwezi, na ule wa Wills kwa siku chache. Mmoja wa watu wake, Patten, alikuwa ameumia na kudhoofika, na kiseyeye kilikuwa kimeanza kuwaingia wengine. Wright hakuwa ameonekana. Kwa mtazamo wake, watu waliokwenda na chakula cha majuma 12 na ambao hawajarudi baada ya majuma 18 ama wamekufa, ama wameokolewa na meli, ama wameelekea Queensland. Uamuzi wa kuondoka ulikuwa na sababu zake, na sioni kwamba mtu aliyekaa Melbourne akila shibe alikuwa na haki ya kumshambulia kwa ukali aliotendewa baadaye.

Kosa lake, kama ni kosa, limo katika barua aliyoifukia chini ya mti. Aliandika kwamba watu wake walikuwa katika hali nzuri isipokuwa Patten, na kwamba ngamia sita na farasi 12 walikuwa na uwezo wa kufanya kazi. Maneno hayo yanasomeka kama taarifa ya msimamizi anayetaka kuonyesha kwamba hakuharibu mali ya msafara. Aliyeyasoma, hata hivyo, alikuwa Burke, aliyekuwa amesimama kando ya shimo akiwa na wenzake wawili na ngamia wawili waliochoka, na maana aliyoipata ilikuwa moja: wenzetu wana nguvu, wanakwenda kasi, hatuwezi kuwafikia. Kwa kweli, usiku huo Brahe alikuwa amelala umbali wa kilomita zisizozidi 25, kwa sababu Patten hakuweza kubebwa kwa haraka. Laiti barua ingesema tu kwamba wangekwenda polepole kwa ajili ya mgonjwa, uamuzi wa Burke ungeweza kuwa mwingine. Barua ya namna hii inapaswa kumjibu mtu atakayeichimba maswali yake mwenyewe: mko wapi, mnakwenda kwa mwendo gani, na mtarudi au la. Ile ya Brahe ilijibu maswali ya kamati ya wadhamini huko Melbourne.

Tena, chakula kiliachwa lakini nguo hazikuachwa. Watu waliokwisha kuvaa matambara kwa miezi minne walikuta unga, sukari, mchele na nyama kavu, lakini hawakukuta nguo wala viatu vyao, kwa maana vilikuwa vimepakiwa na kuondoka na kikosi. Hilo linaonyesha jinsi waliofunga mizigo walivyokuwa wamekata tamaa ya kuwaona tena wenye nguo.

Mlima usio na matumaini

Wills na King walitaka kufuata njia waliyoijua, ile ya kurudi Menindee, takribani kilomita 640. Burke akaamua vingine: waufuate mkondo wa Cooper kuelekea kusini-magharibi, hadi shamba la mifugo karibu na Mount Hopeless katika South Australia, umbali wa kilomita 240 hivi. Jina hilo, lenye maana ya mlima usio na matumaini, liliwekwa na mpelelezi Edward John Eyre mwaka 1840, na waandishi wengi wamelitumia kumcheka Burke. Mimi nadhani hesabu yake haikuwa ya kijinga. Augustus Gregory alikuwa amepita njia hiyo mwaka 1858 akafika salama, na umbali ulikuwa chini ya nusu ya ule wa Menindee. Tatizo ni kwamba Gregory alikuwa na wanyama wenye afya, nao walikuwa na ngamia wawili ambao mmoja, Landa, alizama katika tope tarehe 28 Aprili akashindikana kutolewa, na mwingine, Rajah, alipigwa risasi mwanzoni mwa Mei baada ya kushindwa kusimama. Bila ngamia hawakuweza kubeba maji ya kutosha kuuacha mto, na mto wenyewe ulikuwa ukigawanyika na kupotelea mchangani.

Ubaya wa uamuzi wa Burke haukuwa katika njia aliyoichagua. Aliifanya njia hiyo kuwa siri. Kabla ya kuondoka tarehe 23 Aprili aliandika barua iliyoeleza waziwazi kwamba wanaelekea Mount Hopeless na kwamba watakwenda polepole, akaiweka katika sanduku, wakalifukia tena shimo na kulisawazisha juu ili wenyeji wa eneo hilo wasije wakalichimba. Alama ya juu ya mti waliiacha kama ilivyokuwa, wakidhani kwamba neno lililokwisha kuchongwa lingetosha. Kwa mtu ambaye angepita baadaye, kambi ilionekana sawasawa na Brahe alivyoiacha.

Na mtu huyo alipita. Brahe alikutana na kikosi cha Wright huko Bulloo mwishoni mwa Aprili, akapata wasiwasi wa dhamiri, na wote wawili wakarudi kwa farasi hadi Kambi ya 65. Walifika tarehe 8 Mei. Waliona nyayo za ngamia na majivu ya mioto, wakadhani nyayo ni za ngamia wa Brahe na mioto ni ya wenyeji. Walitazama udongo juu ya shimo wakaona haujaguswa, na baada ya muda mfupi, uliokadiriwa kuwa kama robo saa, wakaondoka. Hawakuchimba, hawakuongeza alama, hawakuacha hata kipande cha karatasi. Burke na wenzake walikuwa umbali wa kilomita 50 hivi kwenye mto huo huo.

Siku 22 baadaye, tarehe 30 Mei, Wills alirudi peke yake kwa miguu kwenye mti. Alikuja kufukia shajara zake na barua iliyoomba chakula na nguo viletwe haraka. Alitazama huku na huko, hakuona dalili ya mtu yeyote kuwa amefika, akafukia alichokuja nacho na kurudi. Yeye naye hakuchonga kitu kwenye mti.

Nimeyasoma mambo haya mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Tarehe 21 Aprili ingeweza kumpata yeyote. Lakini tarehe 8 Mei na tarehe 30 Mei zinaonyesha watu wa pande zote mbili wakiwa na kisu mkononi, mbele ya mti waliokwisha kuutumia kama ubao wa matangazo, na kila upande ukiamini kwamba ukimya wa mti ni habari kamili. Brahe na Wright hawakuwa wazembe kuliko Wills, na Wills hakuwa mzembe kuliko wao. Kila mmoja alifika akitafuta alama ya mwenzake, na hakuna aliyefikiri kwamba yeye mwenyewe ndiye alama inayotafutwa.

Majirani waliokuwa na chakula

Cooper Creek haikuwa nchi tupu. Ilikuwa nchi ya Wayandruwandha, ambao waliwapa wageni samaki na mikate ya nardoo, wakawaonyesha mahali pa kulala. Wills alikubali ukarimu huo na kuuandika kwa shukrani. Burke aliuogopa. King alieleza baadaye kwamba wenyeji walipoleta samaki, Burke aliwaangusha nyavu mikononi akamwamuru yeye King awafyatulie risasi, kwa kuwa hakutaka mazoea nao. Kufikia Juni Wayandruwandha walikuwa wamehamia kwingine, na wazungu watatu wakabaki kujitafutia wenyewe.

Nardoo ni mmea wa jamii ya kangaga unaoota penye maji ya mafuriko, wenye majani manne yaliyopangwa kama msalaba na vibonge vigumu vinavyosagwa kuwa unga. Watatu hao waliusaga na kuula kwa wingi, wakashiba, na bado wakazidi kudhoofika. Wills aliandika kwa mshangao kwamba chakula hicho kinapendeza mdomoni lakini hakimpi nguvu. Maelezo yaliyochapishwa na wanasayansi mwaka 1994 yanasema kwamba nardoo ina kimeng'enya cha thiaminase, ambacho huiharibu vitamini B1 mwilini, na kwamba mwenye kuila bila kuiandaa ipasavyo hupata beriberi. Wenyeji waliichoma na kuisaga kwa maji kwa utaratibu wao, na waliila pamoja na samaki. Wageni waliona mkate uliokwisha kuiva, hawakukaa jikoni muda wa kutosha kuona ulivyoandaliwa. Anayetoka katika nchi za mihogo mikali hahitaji maelezo marefu hapa: tunajua kwamba muhogo huo huo unaolisha kijiji kizima ukirowekwa na kuanikwa vizuri unaweza kupooza miguu ya watoto, ugonjwa unaoitwa konzo, pale njaa inapowafanya watu waharakishe.

Mwishoni mwa Juni Wills hakuweza tena kutembea. Aliwaomba wenzake wamwache wakawatafute Wayandruwandha, ambao kwa maoni yake ndio tumaini pekee lililobaki. Walimwachia nardoo na maji ya siku chache, naye akafa peke yake. Burke alikufa siku chache baada ya kuondoka, bastola ikiwa mkononi kama alivyoagiza, bila kuzikwa. King, askari kijana wa Kiairishi aliyewahi kutumikia India na kuja na ngamia, alizunguka peke yake hadi akawakuta Wayandruwandha. Aliwawindia kunguru, akamwosha na kumtibu kidonda mwanamke mmoja aliyekuwa na maumivu mkononi, nao wakamlisha na kumjengea kibanda. Aliishi nao zaidi ya miezi miwili. Ukilinganisha kwa haki, King hakuwa na ujuzi wa nyika kuliko Burke, wala nguvu zaidi. Tofauti ni kwamba alikubali kuwa mgeni wa watu.

Hukumu ya Melbourne

Tume ya uchunguzi iliyoketi Melbourne kuanzia Novemba 1861 ilimlaumu Wright kwa maneno makali kuliko wote, ikamlaumu Brahe kwa kuondoka kituoni, ikaigusa kamati ya Royal Society kwa uzembe, na ikamkosoa Burke kwa kuugawa msafara Menindee na kwa kutowapa maafisa wake maagizo ya maandishi. Hoja hii ya mwisho ilipita kama mojawapo tu ya nyingi, lakini kwa maoni yangu ilistahili kutangulia. Wright alichelewa, ni kweli, lakini hata yeye alikuwa akishikilia cheo kilichotolewa kwa mdomo porini, na mtu wa namna hiyo kusubiri karatasi si jambo la ajabu. Lawama zilitiririka kutoka juu kwenda chini, na waliokuwa chini walikuwa hai ili kuzipokea. Burke na Wills walikuwa mashujaa tayari. Walizikwa upya Melbourne tarehe 21 Januari 1863 katika mazishi ya heshima ya taifa, na sanamu yao ikasimamishwa mwaka 1865.

Siku hiyo hiyo ya mazishi, mjini Adelaide, watu walikuwa barabarani wakimpokea Stuart. Alikuwa amefika bahari ya kaskazini Julai 1862 na kurudi akiwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye machela, lakini watu wake wote walirudi hai. Laini ya telegrafu iliyokamilika mwaka 1872 ilifuata kwa kiasi kikubwa njia yake, na barabara kuu ya leo kutoka Port Augusta hadi Darwin ina jina lake. Msafara wa Burke uligharimu maisha ya watu saba.

King aliokolewa tarehe 15 Septemba 1861 na kikosi cha Alfred Howitt kilichotumwa kutoka Melbourne kuwatafuta. Mpima ardhi wa kikosi hicho aliona kundi la wenyeji kando ya mto, na walipotawanyika akabaki mtu mmoja aliyevaa matambara, ambaye alijitambulisha kuwa ndiye wa mwisho wa msafara. Siku mbili kabla ya hapo Howitt mwenyewe alikuwa amepita Kambi ya 65. Aliuona mti na neno lake, akaukagua udongo, akaona hauna dalili ya kufunguliwa tangu Brahe aufukie, na kwa kuwa hakuhitaji chakula kilichokuwa chini aliendelea na safari yake. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, baada ya kuelezwa na King kilichokuwemo, ndipo aliporudi na kuchimba, akakuta barua ya Burke yenye njia yote ya Mount Hopeless, na shajara za Wills.